Michango "imepanda maradufu" kuelekea toleo jipya. Wakaguzi je?

Wakuu, nimechoka na hizi pongezi. Nikishika simu nakuta mtu amebandika grafu: michango ya msimbo (mabadiliko ya programu ambayo yeyote anaweza kututumia, si pesa) kwenye programu yetu ya hesabu za machama imepanda, Nairobi iko juu, hongereni. Hongera za nini? Wakaguzi ni wale wale wawili, mimi na mwenzangu wa Rongai, tunakagua usiku baada ya kazi, kwa bando zetu.

Tulitangaza mapema kwamba vipengele vipya basi, sasa ni kurekebisha hitilafu tu mpaka toleo litoke. Hata kernel ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, huenda hivyo: mapya yanapokelewa wiki 2 hivi, kisha mlango unafungwa. Sisi tulipofunga ndipo mafuriko yakaanza.

Kuna darasa la programu hapa mjini, silitaji, linalotoa cheti kwa mwanafunzi akionyesha mchango aliotuma. Aliotuma, si uliokubaliwa! Basi mmoja anaweka alama ya mshangao baada ya "Karibu", mwenzake anakuja kuitoa. Hayo ningemeza. Lakini kuna mmoja "amerahisisha" uhakiki wa namba za simu, eti kila namba ianze na 07. Maelezo kurasa mbili, roboti tupu. Laini za 010 na 011 je? Mama wa Githurai mwenye laini mpya asiandikiwe mchango wake wa mwezi? Na majaribio yote yalipita kijani, kwa sababu lile lenye namba ya 011 alilifuta! Nimemuuliza, kanijibu nawavunja vijana moyo.

Oktoba 2020 Hacktoberfest, kampeni ya kuhamasisha watu kuchangia msimbo kwenye miradi ya wazi, iliahidi fulana kwa waliotuma michango 4. Miradi ikajazwa takataka, na mwezi huo huo waandaaji wakabadili kanuni: mradi usiojiandikisha hauhesabiwi.

Na msiniambie "ongezeni wakaguzi tu". Xz, ile programu ya kubana faili, mnaikumbuka? Mtunzaji mmoja, amechoka, akasukumwa mpaka akampa mgeni funguo za mradi, na 2024 mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta za watu, ukakutwa ndani ya toleo 5.6.0.

Kuanzia leo mchango usiogusa hitilafu iliyoorodheshwa naufunga bila maelezo. Mwalimu wa darasa hilo, najua uko humu: kabla hawajatuma, kagua wewe kwanza. Na wewe wa grafu, chora basi na mstari wa iliyokaguliwa.