Madiwani wa Milwaukee, hii danadana ya bendera itaisha lini?

Wakuu, leo sitanii. Sisi tunaoishi huku Milwaukee, Wisconsin, tuna bendera mbili: moja rasmi ambayo sijawahi kuona mtu ameivaa hata kwenye kofia, na nyingine iliyojaa mitaani ambayo baraza la jiji limegoma kuipitisha.

Hiyo rasmi ni ya 1954. Yaliitishwa mashindano, kisha Fred Steffan, aliyewahi kuwa diwani, akachukua vipande vya kazi za washiriki na kuvirundika kwenye kitambaa kimoja cha bluu kama meza ya mnadani. Kuna gia kubwa, kichwa cha Mwenyeji wa asili wa Marekani na manyoya yake, jengo la halmashauri, kanisa, viwanda, meli, suke la shayiri kwa heshima ya bia, jina la jiji, mwaka 1846, na hata bendera nyingine ndogo ndani ya bendera! County Stadium, uwanja wa besiboli uliochorwa humo, ulibomolewa 2001. Ipandishe mlingotini, simama ng'ambo ya barabara, halafu uniambie umeona nini. Mwaka 2004 chama cha wataalamu wa bendera cha Amerika Kaskazini kiliendesha kura ya maoni kuhusu bendera 150 za miji ya Marekani. Yetu ilikuwa ya 147, ya nne kutoka mkiani.

2016 wananchi wakaamua kujitafutia. Michoro zaidi ya 1,000 ikaletwa, watu wakaipigia kura mitano ya mwisho, akashinda Robert Lenz: jua jeupe linachomoza Ziwa Michigan, anga la dhahabu, na mistari mitatu majini kwa ajili ya mito yetu mitatu na vijiji vitatu vilivyoungana kuwa jiji hili. Mtoto wa chekechea anaichora bila kuangalizia. Leo iko kwenye fulana, vikombe, vibaraza vya nyumba.

Na baraza? 2018 suala lilifika kwenye kamati, likawekwa kiporo.

Najua utetezi wao. Mashindano yaliendeshwa na watu wa nje ya baraza, na wapo waliolalamika kwamba si mitaa yote ilishirikishwa. Hoja hiyo siibezi, ina uzito. Basi nendeni kwenye mitaa hiyo, itisheni mikutano, watu wakisema hawaitaki tuanze upya! Msiwafanye wananchi hao kisingizio cha kukaa kimya. Na yule Mwenyeji wa asili aliyebandikwa kichwa 1954, yeye alishirikishwa na nani?

Majirani zetu Chicago walipitisha bendera yao 1917 ikiwa na nyota mbili. 1933 wakaongeza ya tatu, 1939 ya nne. Baraza lilikaa, likapiga kura, wakaendelea na maisha. Sasa watu wa kule wanajichora tatuu za nyota zile.

Wale mnaokuja kunijibu kwamba bendera haizibi mashimo barabarani: kweli, haizibi. Na hayo mashimo yenyewe mbona hayajazibwa miaka yote hii ambayo suala la bendera limekaa kabatini?

Ninachodai ni kura. Ndiyo au hapana, jina la kila diwani liandikwe. Mlioko huku, mpigieni simu diwani wa eneo lenu wiki hii, kisha mje kuweka jibu lake hapa.