Je, redio za Nairobi zilazimishwe kurekodi bendi studioni?

Roki South B (mleta mada): Wadau, kituo kikipewa masafa Nairobi, kwa nini kisidaiwe kurekodi bendi ikipiga yenyewe studioni, japo mara moja kwa wiki?

Nimekuwa nikisikiliza tena rekodi za kipindi cha John Peel, mtangazaji wa BBC Radio 1, aliyealika bendi zipige studioni. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, Oktoba 1990, studio za Maida Vale, London. Dave Grohl ndiyo kwanza ameshika ngoma. Wakapiga nyimbo nne na hata moja si yao: mbili za bendi ya The Vaselines, moja ya Devo, moja ya Wipers. Nani mwingine angewalipia studio wafanye mchezo huo?

Na BBC haikufanya kwa huruma. Hadi 1988, makubaliano na chama cha wanamuziki na kampuni za santuri yaliiwekea kikomo cha saa za kucheza santuri. Pengo lilizibwa na watu wenye ala mikononi. Redio isipobanwa hucheza kilicho rahisi.

Fundi Mitambo: Ndugu, umeziona studio za hapa mjini? Nyingi ni chumba cha watangazaji wawili na mgeni. Ingiza ngoma humo, maikrofoni ya mwimbaji itanasa matoazi tu. Maida Vale ina ukumbi wa kutosha okestra nzima, na BBC hulipiwa kwa ada ya leseni ya televisheni. Sisi tunakula matangazo ya biashara. Sheria ikija, vituo vitaleta kinanda na mwimbaji mmoja, viseme vimetii.

Binti Eastlands: Chumba si hoja. Tiny Desk, maonyesho ya muziki ya NPR, redio ya umma ya Marekani, ilianza 2008 kwenye meza ya ofisini. Sauti ya mwimbaji haipitii spika pale, kwa hivyo bendi nzima hulazimika kupiga kwa sauti ya chini. KEXP, redio ya Seattle, nayo huchangiwa na wasikilizaji, na hakuna aliyeishurutisha kualika bendi. Halafu rekodi bora ya Peel ni ya PJ Harvey, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, 1991, kabla hajatoa albamu yoyote. Nirvana mnawasifia jina.

Roki South B: Jina lipi, dada? *Nevermind*, albamu iliyowapa jina, ilitoka 1991, baada ya rekodi hiyo! Na hiari imetufikisha wapi hapa? X FM ilikuwa redio yetu ya roki, leo haipo hewani. KBC ilirekodi wanamuziki studioni enzi ikiitwa Sauti ya Kenya, kwa hivyo si jambo geni.

Mpiga Besi: Mmesahau mfuko nyote. Bendi zilizoenda kwa Peel zililipwa na BBC. Mimi nitaambiwa nifike saa kumi na mbili asubuhi na amplifaya yangu mgongoni, nipige nyimbo mbili katikati ya porojo za watangazaji, malipo yangu eti "utajulikana". Mkidai sheria ya kurekodi, daini kwanza ya kulipa. Bila hiyo siji.