Ndoa imeisha, natamani kwenda kitalu cha maua lakini naishia getini. Naombeni ushauri

Jani_la_Asubuhi

Habari zenu ndugu zangu. Ndoa yangu ya miaka 19 iliisha miezi minne iliyopita. Kisa chenyewe sitakirudia hapa, wazee walikaa wakakizungumza kikaisha. Nimehamia chumba na sebule ghorofani, na dirisha la maana ni moja tu, linalopata jua la asubuhi.

Marehemu mama alikuwa na ua alilolipenda kupita yote, Saintpaulia. Ni lile fupi lenye majani mazito ya manyoya, ukiligusa ni kama sikio la mtoto wa mbuzi. Maua yake zambarau iliyokolea, ukingo mweupe. Alipofariki nikalichukua, nimeishi nalo miaka 6. Siku ya kuhama nilibeba nguo na vyeti basi. Ua limebaki dirishani kule, sijui kama kuna anayelimwagilia.

Sasa nimegundua kitalu kinachootesha Saintpaulia na okidi tu. Nimekwenda mara tatu, na mara zote tatu nimefika getini nikageuza. Naogopa nitaingia na huzuni hii nitoke na vyungu kumi ambavyo sina nguvu ya kuvitunza. Kuna siku hata nywele nasahau kuchana. Lakini hofu kubwa ni nyingine. Nikinunua ua kama lile la mama, kisha likanifia mikononi kipindi hiki, sijui nitasimamaje.

Niende sasa au nisubiri nitulie? Na nikienda, niulize nini?

Binti_wa_Pili

Pole sana dada. Mimi nakushauri usubiri, na nasema kwa yaliyonikuta. Nilipofiwa na mume wangu niliingia kitalu nikatoka na okidi 5. Nilizimwagilia kila siku kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine. Okidi nyingi za kuuzwa asili yao ni kuota juu ya miti, mizizi yao inataka hewa. Nne zilioza mizizi, na kila moja iliyokufa ilinirudisha msibani upya. Ile ya tano niliisahau nyuma ya pazia, na ndiyo iliyopona.

MzeeWaMiche

Binti yangu, pole. Nimefanya kazi kitaluni miaka 22. Namheshimu aliyetangulia, lakini mimi nasema nenda. Wanaokuja wakiwa na jambo moyoni ni wengi kuliko unavyodhani, na hakuna anayewauliza. Mtu anatembea kwenye safu, anagusa majani, anaondoka. Sisi tunaendelea kumwagilia.

Chagua siku ya kazi, asubuhi, wakati wahudumu wana nafasi ya kuongea. Safari ya kwanza usibebe pesa ya ua. Beba picha ya dirisha lako uliyoipiga asubuhi na nyingine ya alasiri, maana mhudumu mzuri atakuuliza mwanga kabla hajakuonyesha kitu. Muulize udongo wamechanganya nini, mara ya mwisho walihamisha chungu lini, na mmea umezoea mwanga wa kiasi gani. Geuza majani uangalie chini na kwenye makwapa yake: ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni wadudu waitwao vidung'ata, rudisha chungu mahali pake. Hata ukionekana msafi, siku utakaponunua uweke peke yake wiki tatu kabla ya kuuchanganya na mingine.

Sasa nina swali. Maua ya mama yalikuwa na mstari katikati ya kila petali, kama miale inayotoka kwenye kitovu, au ni ukingo tu uliokuwa mweupe? Nijibu kwanza, nina sababu.

Jani_la_Asubuhi

Ni ukingo tu, baba. Mstari katikati haukuwepo.

MzeeWaMiche

Basi kwa nini ununue? Saintpaulia huoteshwa kwa jani. Jani moja lenye kikonyo chake linatosha, na mche utakaotoka hapo hautakuwa mtoto wa ua la mama, utakuwa ua lile lile, damu moja. Zile zenye miale katikati ndizo zinazosumbua, jani lake huzaa maua ya rangi nyingine, lazima uoteshe chipukizi la pembeni. Lako la ukingo kwa kawaida hurudi kama lilivyokuwa. Mara chache linaweza kugeuka kidogo, kwa hiyo chukua majani matatu.

Jani_la_Asubuhi

Nimesoma hapa nimelia. Lakini kulipata jani ni kubisha hodi mlango ule.

Nyumba_ya_Vyungu

Dada, usiende wewe. Hapakosi mtu wa kati: mtoto, wifi, jirani. Mwambie akate majani ya safu ya katikati. Ya nje kabisa yamezeeka na ya moyoni bado machanga. Ayafunge kwa karatasi laini yenye unyevu, ayatie kwenye mfuko wa plastiki. Watu huyatuma mbali hivyo hivyo na yanafika salama baada ya siku kadhaa.

Tulia_Kwanza

Naomba nitofautiane nanyi kwa upole. Mlango ukishafungwa, kutuma mtu kuomba jani ni kuufungua tena. Dada anunue ua jipya liwe lake, lisilo na historia. Mama yake hakuwa ndani ya chungu kile.

Jani_la_Asubuhi

Asante @Tulia_Kwanza, nakuelewa na nimelifikiria usiku mzima. Ni kweli mama hakuwa ndani ya chungu. Ila mikono yake ilikuwemo, na mimi nilijifunza kumwagilia kwa kuitazama. Wifi bado ananiita wifi. Nitamwomba yeye.

Jani_la_Asubuhi (wiki saba baadaye)

Nimerudi na habari. Wifi aliniletea majani manne, hakuniuliza kitu. Alisema ua lilikuwa limenyauka kiasi, amelimwagilia na ataendelea.

Kesho yake nikaenda kitaluni na majani yangu mfukoni. Safari hii nilipita geti, pengine kwa sababu nilikuwa na shida ya kueleza badala ya machozi. Mama mmoja wa pale aliyapokea kwa mikono miwili. Alikata vikonyo kwa mshazari, akabakiza kama sentimita 3, akavichomeka kwenye udongo mwepesi wenye perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi, akafunika kwa plastiki inayoonyesha. Kisha akanitembeza. Nilioneshwa jamii za porini, maua madogo ya buluu yasiyo na mbwembwe, ambazo ndizo chanzo cha hizi zote za majumbani. Jina la Saintpaulia lilitolewa mwaka 1893, kutokana na mimea ya milima ya Usambara. Mama alilitunza miaka yote ile na sidhani kama aliwahi kuambiwa hilo.

Nilikaa saa mbili. Nilinunua udongo tu.

Jani moja limeoza wiki ya pili. Nilidhani nitaanguka, sikuanguka. Matatu nikiyavuta kidogo yanakataa kutoka, yameshika. @MzeeWaMiche, plastiki niitoe lini? Na maji niyaweke vipi nisije nikayaozesha kama okidi za @Binti_wa_Pili?

Binti_wa_Pili

Nafurahi hukunisikiliza mdogo wangu. Tuwekee picha.

MzeeWaMiche

Yakikataa kutoka ujue mizizi ipo. Usiitoe plastiki kwa mara moja. Wiki hii ifungue saa moja kwa siku, wiki ijayo nusu siku, ndipo uiondoe. Maji yawe ya vuguvugu, ya baridi yakigusa majani huacha madoa. Weka chungu kwenye kisahani chenye maji nusu saa, kinyonye kwa chini, kisha mwaga yaliyobaki. Usirudie mpaka udongo wa juu ukauke. Vichipukizi vitachungulia penye shina la jani, huenda wiki chache zijazo. Vikifika vitatu au vinne usivitenganishe haraka, ngoja viwe na ukubwa wa robo ya jani lenyewe. Maua ni kama miezi 6 hadi 9 kuanzia ulipochomeka.

Jani_la_Asubuhi

Asante baba. Nimeanza kufungua leo, saa moja. Nimeliandika ukutani pembeni ya dirisha.