Je, utii ndio unaotufanya kuwa watoto wa Mungu?

Muuzaji wa maharagwe, Birere, Goma

Bwana asifiwe, ndugu na dada. Naomba mnisaidie katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu Jumapili iliyopita. Mchungaji wetu alifundisha kutoka barua ya Yakobo, sura ya 2, kwamba imani isiyo na matendo imekufa, akaongeza kuwa asiyemtii Mungu asijiite Mkristo. Jioni yake, katika maombi ya akina mama, tukasoma Waefeso 2:8, kwamba tumeokolewa kwa neema. Nilisema amina mara zote mbili.

Nauza maharagwe yanayotoka Masisi, na kopo ninalopimia aliniachia yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alipoacha biashara. Kitako chake kiligongwa kwa nyundo kikaingia ndani kiasi cha unene wa kidole, wala mteja hawezi kugundua, kwa sababu maharagwe hujazwa mpaka yanamwagika juu. Wauzaji wengi wa upande wetu wana kopo la namna hiyo. Nilibatizwa nikiwa na miaka 17, na ninapoimba kwamba mimi ni mtoto wa Mungu, naimba kwa moyo wote. Basi siku ninayopima kwa kopo hilo, mimi ni nani? Na kama bado ni mtoto wake, utii una kazi gani?

Mzee wa kanisa, Bukavu

Mwanangu, nimefurahi kwamba umeleta kopo lenyewe, maana wengi wetu huuliza kuhusu utii bila kutaja kitu chochote kinachoshikika.

Mama wa kwetu akilalamika kwamba mtoto wake hasikii, kila mtu anaelewa kuwa masikio ya mtoto ni mazima, ila hatii. Kigiriki cha Agano Jipya kina undugu huo huo, kwa kuwa neno *hupakoe*, tunalolitafsiri utii, limetokana na *akouo*, yaani kusikia. Paulo anataja utii wa imani mwanzoni mwa barua kwa Warumi (1:5) na tena mwishoni (16:26), na mimi sioni hapo vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Kumwamini Mungu ni kumsikia jinsi mtoto msikivu anavyomsikia baba yake.

Sasa angalia kipi kilitangulia. Abrahamu alihesabiwa haki kwa imani katika Mwanzo 15, na safari ya mlimani pamoja na Isaka, ambapo utii wake ulijaribiwa, iko katika sura ya 22. Kuhusu biashara yako hasa, soma Walawi 19:35-36, ambapo Mungu anawaagiza Waisraeli wawe na mizani ya haki na vipimo vya haki, kisha papo hapo anawakumbusha kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri. Walikuwa wameshatoka utumwani walipopewa agizo hilo. (Na watu waliodaiwa huko Misri idadi ileile ya matofali bila kupewa majani walijua vizuri maana ya kuonewa kwa hesabu.) Wewe ni mtoto wa nyumba hii, mwanangu, lakini kopo hilo ni la nyumba nyingine.

Mkatoliki, Goma

Tumsifu Yesu Kristo. Nakubaliana na mzee, ila naogopa tusije tukalifanya jambo hili kuwa jepesi. Mji wetu ulimzaa Floribert Bwana Chui mwaka 1981, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika, na mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri, hatua ya kabla ya kutangazwa mtakatifu, huko Roma. Ninachokitafakari ni kwamba waliomjia walitaka mizigo yao ipite tu. Angeweza kukubali, akaendelea kusali kama kawaida, wala parokiani asijulikane. Kwetu ningekushauri upokee kitubio, yaani uungame dhambi kwa padri. Taratibu za kanisa lako wewe unazijua, dada.

Mwalimu wa Biblia, Lubumbashi

Naongeza neno moja. Katika Luka 15, kwenye mfano wa mwana mpotevu, kaka mkubwa hakuwahi kuvunja amri ya baba yake, lakini alizungumza kama mfanyakazi anayedai mshahara, hata baba akalazimika kumwita tena "Mwanangu". Ukilitupa kopo kwa sababu ya kumwogopa mchungaji, utakuwa umesimama pale pale aliposimama yeye, nje ya mlango.

Muuzaji wa maharagwe, Birere, Goma

Asanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Jana nilinunua kopo jipya. Gunia sasa linatoa makopo machache kuliko zamani, nikalazimika kupandisha bei, na mteja wa kwanza akahamia kwa jirani yangu huku nikimtazama. Niliumia. Lakini yupo mama mmoja anayenunua makopo 6 kila Alhamisi kwa ajili ya mgahawa wake; nimemwekea kando maharagwe ya kumrudishia. Mniombee siku hiyo, kwa sababu itabidi nimweleze ni ya nini.