Tupeane uzoefu: mliowahi kuumia kwa kukimbia, fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) iliwasaidia ama hela ilienda bure?

Kisigino Sugu (Malindi)
Wadau salama. Asubuhi hizi ufuo wa Silversands wakimbiaji wamekuwa wengi mashallah, na nusu yao naona wanachechemea, ndo nkasema tuelezane. Yangu ilikuwa kisigino. Naamka nashusha mguu kwa sementi, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nikifika chooni imepoa, nikikimbia siisikii, nikikaa saa moja kazini nikisimama tena nashika ukuta. Kuna mama alinikanda na mafuta ya nazi ya moto wiki mbili, sitamsema vibaya maana raha yake ilikuwa raha kweli, lakini kesho yake msumari uko pale pale.

Kwa fizio nilidhani nitakandwa pia. Dakika 20 hajanigusa, ni maswali tu, ulikuwa unakimbia kilomita ngapi, uliongeza lini, nyumbani unavaa nini. Kumbe nlitoka kilomita 10 kwa wiki nkaruka hadi 35 ndani ya mwezi mmoja sababu ya beti na jamaa fulani (na beti yenyewe nlishindwa). Akanipa zoezi: viringisha taulo uliweke chini ya vidole ukiwa umesimama kwa ngazi, inuka sekunde 3, shikilia 2, shuka 3, siku moja fanya siku moja acha, ukizoea beba mzigo. Mie nlitia mchele kilo 5 kwa begi la mtoto. Alinambia mwezi wa kwanza usitarajie kitu, na kweli ilichukua mitatu na kitu. Haya, na nyinyi.

Bi Mchanga (Lamu)
Goti la kushoto, upande wa nje. Nakimbia kilomita mbili hivi sawa, ya tatu inaanza kuchoma mpaka kushuka ngazi ni kwa matako kama mtoto. Nlinunua kizuizi cha goti, nkabadilisha viatu, wapi.

Fizio akaniuliza wakimbilia wapi, nkamwambia ufuo wa Shela naenda na bahari, kurudi nimechoka natembea. Maji yakiwa yamekupwa ama yamejaa? Nkamshangaa, nimekuja na goti yeye aniuliza maji! Nkajibu yamejaa, sababu saa hio ndo nimemaliza kazi za nyumbani. Akachora kwa karatasi ule mteremko: maji yakijaa mchanga mgumu wa tambarare umefunikwa, wabaki na ule ulioinama, na ukitoka Shela bahari iko kushoto, kwa hivyo mguu wa kushoto kila siku uko chini ya mwenziwe. Kuna mkanda mgumu watoka nyongani washuka nje ya paja mpaka chini ya goti, ndo uliokuwa ukilia. Halafu akanisimamisha mguu mmoja mbele ya kioo nichuchumae kidogo, wallahi goti likaingia ndani kama mlango umefunguka bawaba. Nyonga dhaifu. Tangu hapo ni kulala ubavu nainua mguu, na kutembea kiubavu na mkanda wa mpira miguuni, wanangu wanicheka waniita kaa. Sasa natoka maji yakikupwa tu.

Jamaa wa Maweni
fizio mimi sina hamu. Siku sita nilikwenda, kila siku nalazwa kitandani nawekewa vile vipira vya umeme vinavyotekenya, nalipa naenda nyumbani, hakuna hata zoezi moja nlipewa

Kisigino Sugu
@Jamaa wa Maweni hio mashini hutuliza maumivu tu kwa muda, peke yake haijengi msuli. Tafuta mwengine, na usipopewa kazi ya kufanya nyumbani uliza kwanini.

Mkimbiza Kusi
Mimi nisikizeni vijana wenzangu. Ugoko. Nilijua ni ule uchungu wa kawaida unaosambaa mfupa mzima, nikawa nameza dawa za maumivu nakimbia juu yake. Ikafika ukinigusa na kidole kimoja pahali pamoja naruka, na usiku nikilala bado inauma. Eksirei ikatoka safi nikafurahi. Fizio ndo alikataa kunishika, akasema ufa wa mfupa mwanzoni eksirei huweza kuukosa, akanirudisha kwa daktari, na kweli ulikuwa ufa. Wiki 8 bila kukimbia. Alichoniruhusu baadaye ni kukimbia ndani ya bahari maji yakiwa kifuani, watu wa boti walidhani nazama

Mzee wa Gati (Lamu)
Assalam aleikum. Kano ya nyuma ya kisigino, miaka 58. Nlipewa kushusha kisigino ukingoni mwa ngazi, mara 15 seti 3, goti limenyooka, kisha tena goti limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Nyumbani ngazi zangu ni fupi nikafanyia gatini. Kila siku nahodha mwengine aniuliza, mzee wavuka kisiwa cha Manda? Nikamaliza wiki 12 sijavuka.

Bi Mchanga
😂😂 mzee kumbe ni wewe! Kesho maji yakupwa saa ngapi?

Mzee wa Gati
Saa 12 na nusu asubuhi mwanangu. Ntakuwa gatini.