Fimbo mbili za kutembelea: zina faida au mbwembwe? Bi mkubwa kagoma

Mwana Tabata
Habari za jioni wadau. Bi mkubwa ana presha, na sukari imeanza kupanda. Daktari kamwambia atembee. Dada yangu aliyeko Ufini kamletea fimbo mbili nyepesi zenye mikanda ya mkononi, anasema huko wazee kwa vijana wanatembea nazo, wanaita Nordic walking. Mama kazitazama akasema, "Umri wa mkongojo sijafika, na theluji iko wapi hapa Tabata?" Zipo nyuma ya mlango mpaka leo. Zinazidi nini kutembea mikono mitupu? Nisije nikamsumbua mzazi bure.

Kanali Mstaafu
Mpe rungu moja tu, atafukuzia na mbwa 😂

Mtu wa Viungo
Kwenye theluji mama hajakosea. Walioanza ni Wafini wanaoteleza kwenye theluji. Kiangazi walifanya mazoezi na fimbo zao ili wasipoteze pumzi. Miaka ya 1990 ndipo likawa zoezi la kila mtu.

Ukitembea kawaida, kazi kubwa inafanywa na miguu. Ukijisukuma na fimbo, mabega, kifua, mgongo na tumbo navyo vinaingia kazini. Kwa mwendo uleule moyo unapiga kasi zaidi na mwili unachoma zaidi, na wengi hata hawahisi kuchoka kuliko kawaida. Kwa mtu wa presha na sukari hiyo si haba, anapata zoezi la maana bila kukimbia. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema angalau dakika 150 kwa wiki, agawanye anavyoweza.

Ila asizitumie kama mkongojo! Fimbo haitangulii mguu. Inachomekwa mshazari, ncha ikielekea nyuma, anasukuma mpaka mkono upite nyonga, kisha analegeza kiganja na mkanda unairudisha. Mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Ikimchanganya, azikokote tu kwanza, mdundo utakuja wenyewe. Urefu: kimo mara 0.68. Mwenye sentimita 160 anataka kama 109.

Mama Chapati
Na magoti je? Yangu yanalia kila ngazi.

Mtu wa Viungo
Hapo wauzaji wanatia chumvi, dada. Kwenye tambarare tafiti hazikubaliani kama goti linapunguziwa mzigo. Mteremkoni na kwa asiye imara miguuni, zinasaidia. Goti linalolia kila siku lipeleke hospitali.

Mzee wa Alfajiri
Kwenye lami avalishe ncha vile vifuniko vya mpira, la sivyo zitateleza na kelele juu. Mitaani msiende, bodaboda hawana huruma. Daraja la Tanzanite lina njia ya waenda kwa miguu. Au ufukwe wa Coco maji yakikupwa, mchanga mgumu: hapo toeni mpira, chuma kishike.

Mwana Tabata
Nimemsomea yote. Kakubali Coco, alfajiri, kabla majirani hawajaamka 😅

Mtu wa Viungo
Kama ameshaanza dawa za sukari, abebe pipi au juisi. Na maji.