Naomba ushauri: mwinuko wa mji hupimwa sehemu gani?

Ndugu wanakikundi, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Ninawaandalia wanafunzi wangu wa Jiografia hapa Moshi chati ya ukutani inayoonyesha miinuko ya miji yetu. Kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hakina utata. Kinachonikwamisha ni miji yenyewe, kwa kuwa kutoka stesheni ya reli hadi mtaa wa Shanty Town barabara inapanda mpaka mwenye baiskeli iliyobeba mzigo hushuka na kuikokota, ilhali vitabu huupa mji mzima namba moja tu. Nimejaribu kupima kwa simu, lakini nikiwa nimesimama palepale getini namba ilipanda na kushuka. Je, mwinuko wa mji huchukuliwa sehemu gani hasa? Na ramani ya kontua ya Moshi (yenye mistari inayounganisha sehemu za mwinuko sawa), ya kipimo cha 1:50,000, ninaweza kuinunua wapi?